Glory Road: Ushindi wa Wachezaji Aliopewa Kocha

Nianze na hesabu, maana filamu yenyewe haina muda nazo. Tarehe 19 Machi 1966, fainali ya mpira wa kikapu ya vyuo vya Marekani, Texas Western iliifunga Kentucky 72–65. Ukitoa mitupo huru, Kentucky walitia mpira kikapuni mara 27, Texas Western mara 22 tu. Waliozidiwa ndio waliobeba kombe! Walilibeba kwa mitupo huru, ile unayopewa ukichezewa rafu: walipata 34, wakaingiza 28. Kentucky waliingiza 11.

Ukiangalia Glory Road, filamu ya Disney ya 2006 iliyoongozwa na James Gartner, unachoondoka nacho ni hotuba. Kabla ya fainali kocha Don Haskins, anayeigizwa na Josh Lucas, anawatangazia vijana kwamba watacheza weusi peke yao. Muziki unapanda. Kwenye kibanda umiza hapa Lamadi watu walishangilia, na mimi nikiwemo. Kama sinema, pale pamepikwa pakaiva.

Shida ni kwamba weusi watano walikuwa wakianzishwa na Texas Western sehemu kubwa ya msimu ule. Haskins mwenyewe alisema mara nyingi kwamba alichezesha waliokuwa bora, basi. Tena filamu inabana miaka mitano iwe msimu mmoja: kocha anafika, anasajili, anatwaa. Kweli alifika 1961 na kumkuta Nolan Richardson, mchezaji mweusi, tayari yumo kikosini. Huyo Richardson ndiye aliyekuja kutwaa ubingwa huohuo akiwa kocha wa Arkansas, 1994. Na Loyola ya Chicago ilishabeba kombe 1963 ikianza na weusi wanne.

Najua, mtasema ni sinema tu, acha kubana. Kufupisha muda siwalaumu. Ninachouliza ni nani anafaidika na huo ufupisho. Bobby Joe Hill alifunga pointi 20 siku ile, akapokonya mpira mara mbili mfululizo. Derek Luke anamwigiza kwa raha kabisa, lakini ndani ya hadithi Hill anabaki mtu anayesubiri ruhusa ya kuwa shujaa.

Ndiyo maana nang'ang'ania ile 28. Wakati ule kulikuwa na kauli imezagaa kwamba vijana weusi wanaruka vizuri, ila presha ikipanda wanapotea, mpaka awepo mzungu wa kuwatuliza. Sasa mtupo huru ni nini? Unasimama mstarini peke yako, pumzi imekata, ukumbi mzima unakukodolea macho, na kocha yuko mbali kwenye benchi. Jibu la ile kauli lilitolewa pale, mara 28, mbele ya Kentucky ya weupe watupu. Danki ya David Lattin ni tamu machoni, lakini danki haikupingwa na mtu; utulivu ndio uliokuwa unapingwa.

Na sisi tuna lawama zetu. Hasheem Thabeet tunamsimulia kwa urefu, na kwa kuchaguliwa wa pili NBA mwaka 2009. Kwamba alianza mchezo huu akiwa na miaka 15, na kwamba alikuwa mlinzi bora wa ligi ya Big East mara mbili, hiyo kijiweni huisikii.

Filamu iangalieni, inafurahisha. Halafu tafuteni mkanda wa mechi yenyewe, ule usio na rangi, mwangalie miguu ya mpigaji pale mstarini.