Jitu Lilikula, Darasa Likalala

Waulize waliofanya KCSE wakati Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine ilipokuwa kitabu teule wakusimulie ile hadithi iliyoupa mkusanyiko jina lake. Wengi watakupa maudhui chap chap: unyakuzi wa ardhi, ulafi wa wakubwa, utetezi wa haki. Yote sahihi. Sasa uliza: jitu lile lilipoingia mkahawani Madongoporomoka likafagia chakula chote, ulihisi nini? Kimya. Mwongozo haukuwa na jibu hilo.

Lawama yangu iko hapo. Karatasi ya tatu ya Kiswahili hutaka muktadha wa dondoo: nani kasema, anamwambia nani, wapi, kwa nini. Si swali baya. Ubaya ni kuligeuza kuwa njia ya kusomea, mwanafunzi akaipekua hadithi kama askari anayetafuta kitambulisho. Kisha kwenye insha tunamkabidhi mianzo ya kukariri: jogoo kawika, jua limechomoza, ndege wanaimba. Huku hasomi kwa moyo, kule haandiki kwa sauti yake. Halafu tunashangaa insha 40 zikifanana kama sare.

Dawa imo kitabuni humohumo. Chukua hadithi hiyo ya Said A. Mohamed. Isome kwa sauti, polepole, hadi jitu limalize sahani ya mwisho. Funga kitabu. Waambie: wewe ni mteja, umefika na njaa yako, umekuta sufuria tupu. Andika ukurasa mmoja, dakika 15. Methali si lazima, na ndege wasiimbe. Kisha wasomeane wawili wawili, kila mmoja ataje sentensi moja ya mwenzake iliyomgusa. Ndipo mfungue kitabu muone mwandishi alielekea wapi.

Najua utaniambia, mwalimu mwenzangu, silabasi haingoji na darasa lina watu 60. Sawa. Lakini zoezi hili linatoshea kipindi kimoja cha dakika 40, na halidai ununue chochote. Mwanafunzi aliyewahi kuamua mwenyewe hadithi iendelee vipi ataanza kujiuliza kwa nini mwandishi alituletea jitu, si tajiri wa kawaida mwenye tai. Huo ndio uhakiki. Na siku dondoo likija, halitamsumbua: alikuwapo mkahawani, tena na njaa.