‘Kifo cha huruma’: Neno linaloamua kesi kabla ya mjadala kuanza

WIKI mbili zilizopita mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya upili alinipigia simu akiwa na malalamiko ya wanafunzi wake. Kidato cha nne walikuwa wakijiandaa kwa mdahalo, na mada iliyoandikwa ubaoni ilikuwa hii: ‘Kifo cha huruma kihalalishwe nchini Kenya.’ Msemaji wa upande wa upinzani, binti mwenye ulimi mkali, alimwendea akamwambia, “Mwalimu, sisi tushashindwa. Nitasimamaje mbele ya watu niseme napinga huruma?”

Mwalimu alitaka kujua kama kuna neno jingine. Nilimwahidi kwamba ningemjibu humu ukumbini, kwa sababu swali la yule binti ni zito kuliko mdahalo wenyewe. Bila kujua, alikuwa amegundua kwamba istilahi inaweza kupiga kura kabla ya watu.

Hebu tuanze na sarufi. Katika Kiswahili, neno ‘kifo’ likifuatwa na kihusishi ‘cha’ na nomino nyingine, mara nyingi nomino hiyo ya pili hutaja kilichoua. Kifo cha ajali: ajali ndiyo iliyoua. Kifo cha njaa: njaa ndiyo iliyoua. Kwa mantiki hiyo hiyo, ‘kifo cha huruma’ ni kifo kilichosababishwa na huruma. Lakini huruma haina mikono. Kuna mtu aliyeandika dawa, kuna aliyeichanganya, na kuna aliyeinywa au aliyedungwa sindano. Watu hao wote wametoweka ndani ya maneno matatu, tumebaki na huruma peke yake imesimama mlangoni mwa wodi kama malaika.

Tatizo hili hatukulianzisha sisi. Neno ‘eutanasia’ lenyewe ni la Kigiriki, na maana yake ni kifo chema. Nani atapinga chema? Huko Uingereza, chama kilichoundwa mwaka 1935 kupigania jambo hili kilikuwa na neno hilo katika jina lake. Katika karne hii kikalivua, kikajiita Dignity in Dying, yaani heshima wakati wa kufa. Wapinzani wao nao wana neno lao, ‘kujiua kwa kusaidiwa’, na hawaliachi. Wabunge wa nchi hiyo walipojadili mswada wa kuwaruhusu wagonjwa mahututi wa England na Wales wanaotarajiwa kufa katika muda wa miezi sita, ungeweza kuutambua msimamo wa mzungumzaji kwa istilahi yake ya kwanza tu. Mnamo Juni 20, 2025 bunge lao la Commons liliupitisha mswada huo kwa kura 314 dhidi ya 291.

Sasa tazama namna nyingine zinavyoliandika jambo hilo katika sheria. Sheria ya jimbo la Oregon, Marekani, iliyoanza kutumika mwaka 1997, inamruhusu daktari kumwandikia mgonjwa dawa ambayo mgonjwa mwenyewe ataimeza. Sheria hiyo ina kifungu kinachosema kwamba tendo lililofanywa kwa mujibu wake halitahesabiwa kuwa kujiua, kusaidia kujiua, kuua kwa huruma wala mauaji. Yaani sheria imeingia kwenye kamusi na kufuta maana. Uholanzi, ambako sheria yao ilianza kutumika Aprili 2002, walichukua njia tofauti. Jina la sheria yao linataja bila kuficha mambo mawili: kukatiza uhai kwa ombi la mwenyewe na kusaidia kujiua. Unaweza kuipinga sheria hiyo, lakini huwezi kulalamika kwamba hukuambiwa inahusu nini. Canada nao, tangu mwaka 2016, wana istilahi moja, ‘msaada wa kitabibu wa kufa’, inayobeba matendo yote mawili. Ukichunguza utakuta kwamba karibu wagonjwa wote wanaoupata hudungwa na mhudumu wa afya. Wanaojinywea wenyewe ni wachache mno.

Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, tofauti hii ingepaswa kuwa rahisi kuiona, maana vitenzi vyetu havitembei bila viambishi. Linganisha sentensi hizi: ‘Mgonjwa amekufa.’ ‘Mgonjwa amejiua.’ ‘Daktari amemuua mgonjwa.’ Silabi moja, ‘ji’ badala ya ‘m’, ndiyo inayotenganisha Oregon na Uholanzi. Ndiyo inayotenganisha daktari aliyeandika dawa akaenda zake na daktari aliyeshika sindano. Inasikitisha basi kwamba magazeti na vituo vyetu, habari hizi zinapotufikia, huvikimbia vitenzi hivyo na kukimbilia nomino laini. Wiki hii utasoma ‘kifo cha huruma’ cha Ubelgiji, wiki ijayo ‘kifo cha huruma’ cha Oregon, na hutajua kwamba si kitu kimoja.

Wapo wanaopendekeza ‘kusaidiwa kufa’. Ni afadhali kidogo, ila nayo imefika ikiwa imechelewa, kwa kuwa Kiswahili kilishaitumia nafasi hiyo. Kila anayefia kitandani akiwa na watu wake husaidiwa kufa. Huoshwa uso, hushikwa mkono, hutiwa maji mdomoni kwa pamba. Muislamu hutamkishwa shahada, Mkatoliki huitiwa padri. Tukilitoa neno hilo kwa sindano, tutawaitaje wale wanaokesha?

Nisije nikaonekana nawaonea upande mmoja. Wanaopinga nao wana rungu lao. Nimesikia mahubiri na kusoma barua kwa mhariri zinazoliita jambo hili ‘mauaji ya wagonjwa’. Mauaji ni neno la Shakahola, ni neno la mapanga. Ukimwita muuaji mtu aliyekubali ombi la mama anayelia kwa uchungu usiku wa arobaini, umemaliza mazungumzo kama yule wa huruma alivyoyamaliza, tofauti ni kwamba wewe umetumia jiwe na yeye ametumia asali.

Sheria yetu ya Kenya haina asali wala jiwe. Kifungu cha 26 cha Katiba kinalinda haki ya kila mtu ya kuishi. Kifungu cha 225 cha Kanuni ya Adhabu kinasema anayemsaidia mwingine kujiua anaweza kufungwa maisha. Kifungu cha 213 kinakwenda mbali zaidi: anayeharakisha kifo cha mtu anahesabiwa kuwa amesababisha kifo hicho, hata kama ugonjwa ungemuua mtu huyo hata hivyo. Kwa upande mwingine, Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakiuka Katiba. Kwa hiyo, kwa sasa, anayejaribu hatazamwi tena kama mkosaji, ila anayemsaidia bado anakabiliwa na maisha gerezani. Hapo tena kesi nzima imekaa juu ya mofimu: kujiua, kumsaidia ajiue, kumuua.

Kuna neno jingine ambalo limenisumbua kuliko hayo yote, nami silikutana nalo kwenye sheria wala kwenye gazeti.

Shangazi yangu aliugua saratani ya umio. Wanaotoka sehemu zetu za Bonde la Ufa wanaujua ugonjwa huo: kwanza ugali unakwama, halafu uji, halafu mate. Alilazwa katika hospitali ambayo sitaitaja. Siku ya tisa aliniita karibu akaninong’oneza, “Mwanangu, nimechoka. Nataka kupumzika.”

Nilitoka nje nikawaambia binamu zangu alivyosema, na ugomvi ukaanza palepale kwenye veranda. Binamu yangu mkubwa alisema mama anataka mrija wa chakula utolewe aachwe aende zake. Mdogo wake akamrukia: eti wewe unataka kumuua mama kwa sababu ya bili! Wa tatu alilia tu. Mimi, mtu wa lugha, nilisimama pale nikitafuta maana ya kitenzi. ‘Kupumzika’ ni kulala usingizi. Pia ndilo neno tunaloandika kwenye matangazo ya tanzia. Lugha yetu inayoficha mauti kwa adabu (kuaga, kufariki, kupumzika) ilikuwa imetuficha na matakwa ya mgonjwa wetu.

Hakuna aliyerudi ndani kumuuliza. Tuna methali inayosema mgonjwa haulizwi uji, na tulikuwa tumeitii bila kufikiri. Mwenye methali hiyo alikusudia ukarimu: usimsumbue mgonjwa kwa maswali, mpikie. Lakini uliza watu wa Uholanzi au England kiini cha mjadala wao ni nini, watakwambia ni hicho hicho, mgonjwa aulizwe. Huenda ndiyo sababu istilahi yao haikai vizuri vinywani mwetu. Wao wanabishana juu ya ombi, nasi tumezoea kukisia.

Aliyemuuliza ni sista wa zamu ya usiku. Alikaa kando ya kitanda akasema, “Mama, unataka kupumzika vipi?” Shangazi akajibu kwamba hajalala siku nne kwa maumivu. Basi. Sista akahangaika mpaka ikapatikana chupa ndogo ya mofini ya maji, ambayo hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba ipo. Shangazi alilala saa kumi na moja. Alipoamka aliuliza kama ng’ombe wamekamuliwa.

Ningekomea hapo, ningekuwa na makala safi: kumbe hakutaka kufa, alitaka dawa. Na kwa kweli ni hoja nzito. Nairobi Hospice ilianza kazi mwaka 1990, na jirani zetu wa Uganda waliwaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalum kuandika mofini mwaka 2004, na bado wapo Wakenya wengi wanaokufa wakipiga mayowe huku familia zao zikidhani mayowe ni sehemu ya ugonjwa. Kujadili haki ya kufa mahali ambapo dawa ya maumivu hupatikana kwa bahati ya kukutana na sista mwema ni kumwekea mgonjwa milango miwili mbele yake huku mmoja umefungwa kwa ufunguo. Watanzania wana jina zuri la huduma hiyo, ‘tiba shufaa’. Shufaa ni maombezi, ni kumsemea mtu mbele ya mkubwa. Nalipenda kwa sababu ndani yake yumo mtu: anayeombea na anayeombewa. Sisi husema ‘matibabu ya kutuliza maumivu’, ambayo ni sahihi, ila ni ya duka la dawa.

Lakini sikuikomea hapo kwa sababu shangazi hakuikomea hapo. Wiki tatu baadaye, akiwa nyumbani, maumivu yametulia, akili yake timamu, alinishika mkono akasema tena, “Nataka kupumzika.” Safari hii nilimuuliza: vipi? Akanitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, “Wewe unajua.” Na nilijua. Sikuwa na la kumpa, na hata ningekuwa nalo, sijui kama mkono wangu ungekubali. Alifariki baada ya siku sita. Wale wanaosema kwamba mofini hulijibu kila ombi hawajawahi kukalishwa kwenye kiti kile. Wanaosema kwamba ombi likishatolewa basi litimizwe, nao hawajasikia lile la kwanza, ambalo binamu yangu alikuwa karibu kulitimiza kwa nia njema kabisa.

Niliandika tanzia yake kwa mkono wangu, nikamwita marehemu. Neno hilo ni la Kiarabu na maana yake ni aliyerehemiwa, aliyetendewa huruma. Wahenga waliolikopa waliiacha huruma mikononi mwa Mungu, tena upande wa pili wa kifo. Istilahi ya ‘kifo cha huruma’ inaihamishia upande huu na kumkabidhi daktari. Huenda ni haki ihamishwe. Lakini kama tunaihamisha, basi tuseme wazi kwamba tunaihamisha, na kwa nani.

Kwa mwalimu wangu, basi, na kwa wahariri watakaopenda kunisikiliza, napendekeza tuyatenganishe mambo manne. Mgonjwa akimeza mwenyewe dawa aliyoandikiwa ili afe, tuseme amejiua kwa usaidizi wa daktari. Daktari akimdunga, tuseme amemkatizia mgonjwa uhai kwa ombi lake. Mashine ikizimwa au mrija ukitolewa na ugonjwa ukaachwa ufuate njia yake, huko ni kusitisha matibabu. Mofini ikitolewa kwa kipimo ili mtu apate usingizi, hiyo ni tiba shufaa, na haiui jina lake wala mgonjwa. Ni maneno marefu, najua, na hayatoshi kwenye kichwa cha habari. Na iwe hivyo. Jambo hili halistahili kichwa kifupi.

Mada ya mdahalo nayo nimeibadilisha hivi: ‘Daktari aruhusiwe na sheria kukatiza uhai wa mgonjwa mahututi anayeomba hivyo.’ Jana mwalimu alinitumia ujumbe. Yule binti ameikubali, anasema sasa anaweza kusimama. Ila msemaji wa upande wa pendekezo amekwenda kwake akilalamika kwamba mada imekuwa ngumu mno kuitetea. Nimemwambia mwalimu amjibu kwamba haijawa ngumu leo.