Simba wa Vina na Simba wa Lindi

Msomaji wa ushairi wa Kiswahili amezoezwa tangu utotoni kwamba mnyama akitajwa katika beti, huyo si mnyama. Abdilatif Abdalla alipotunga "Mamba", miongoni mwa mashairi ya kifungoni yaliyotoka katika *Sauti ya Dhiki* mwaka 1973, hakuna aliyekwenda mtoni kumtafuta. Macho yote yalielekea Ikulu. Shaaban Robert katika *Adili na Nduguze* aliwageuza ndugu wawili wahasidi kuwa manyani, na hapana msomaji aliyejishughulisha kujua nyani anakula nini wala analala mti gani. Hata Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyeijua bahari kuliko wahakiki wake wote, alipovumisha "Kimbunga" swali la kwanza barazani lilikuwa upepo ule ni nani.

Hapana shaka kwamba fumbo ni urithi mkubwa. Limewakinga malenga na watawala, limewapa wapenzi lugha ya kusemezana mbele ya wazee, na limewafanya watu wa pwani kuwa wasomaji wepesi wa kung'amua. Lakini kila urithi una deni lake, na deni la fumbo ni kwamba mnyama mwenyewe amefukuzwa katika ushairi ili mwanadamu apate pa kujifichia. Anayetaka kulipima deni hilo na aende kusini, katika pwani ya Kilwa na Lindi, akasikilize jinsi watu wa huko wanavyopeana habari za walichokiona.

Huko, kuanzia Somanga na Kilwa Kivinje hadi Mchinga na Lindi mjini, habari za wanyama ni mazungumzo ya kila siku, na mazungumzo hayo yana kanuni zake. Anayerudi na mashua kutoka Songo Mnara, baada ya kupita kando ya mikandaa na michu, akisema ameona kitu, haulizwi kitu hicho kina maana gani. Huulizwa alikiona wapi. Maji yalikuwa yanajaa au yanakupwa? Ilikuwa bamvua au maji mafu? Upepo ulikuwa kusi au kaskazi, na nani mwingine alikuwamo chomboni? Mwenye kusema "nimeona" hupewa nafasi ya mbele kuliko mwenye kusema "nimeambiwa", na muongo hujulikana kwa jina, ingawa naye huachwa aendelee kwa kuwa uongo wake ni mtamu. Baraza hilo ni la wahakiki pia. Linapima masimulizi kwa ukali ambao diwani nyingi zilizochapishwa zisingeuhimili.

Kwa nini ukali huo? Sababu moja ni simba.

Katika ushairi na katika maneno ya sifa, simba ni mfalme. Rashidi Kawawa aliitwa Simba wa Vita, klabu ya mpira imejivika jina hilo, na watunzi wa harusi hawajalichoka. Simba wa Lindi ana habari nyingine. Mwaka 2005 watafiti Craig Packer, Dennis Ikanda, Bernard Kissui na Hadas Kushnir walichapisha katika jarida la *Nature* hesabu ya watu walioshambuliwa na simba Tanzania tangu 1990: zaidi ya 563 waliuawa na 308 au zaidi walijeruhiwa, na mkoa wa Lindi ulikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Mashambulizi yaliongezeka wakati wa mavuno, baina ya Machi na Mei. Watafiti walimtaja nguruwe mwitu kuwa kiungo cha mkasa. Nguruwe huja kula mazao, mkulima huhamia shamba na kulala katika dungu au kibanda chepesi ili amfukuze, na simba aliyemfuata nguruwe humkuta mtu. Mahali kama hapo, kumwambia jirani kwamba nyayo zimeonekana karibu na kisima, na kwamba zilikuwa mbichi kabla ya jua kupanda, ni kauli ambayo uzuri wake wote umo katika usahihi wake. Neno moja la kupamba linaweza kumpeleka mtu upande usio wake.

Hapa ndipo fumbo linapogeuka kuwa jambo zito. Wapo watu wa kusini wanaoshika kwamba simba wengine hawakuzaliwa na simba. Ni simba wa kutumwa, na nyuma yao yupo mtu. Itikadi hiyo haifai kudharauliwa, kwa maana ina historia ndefu ya hofu na husuda ndani yake, na kijiji kilichofiwa hakihitaji kufundishwa huzuni na mtu wa mbali. Lakini mhakiki wa fasihi hawezi kukosa kuona kwamba huo ndio usomaji uleule wa ushairi: mnyama si mnyama, mtafute mtu. Ng'ambo ya Ruvuma, wilayani Muidumbe nchini Msumbiji, mwaka 2002 na 2003 simba waliua watu, na watu wengine wakauawa na wenzao kwa kushukiwa kwamba simba wale ni wao. Ushairi haukusababisha vifo hivyo. Hata hivyo, fasihi iliyomzoeza msomaji wake kwa karne nzima kumtazama mtu nyuma ya kila mnyama haina neno la kumwambia mkulima anayehitaji kuzitazama nyayo zenyewe.

Mfano wa pili ni mpole zaidi, na kwa wapenzi wa mizani ni mtamu. Kila Mswahili anajua kulewa kama komba. Msemo huo umetokana na kuona kwa kweli, maana komba mkubwa wa minazini hupanda usiku kunywa tembo la mgema, na asubuhi hukutwa hoi. Baadaye msemo ukamganda komba, na kwa washairi hakubaki na kazi nyingine ila ulevi. Kumbe katika misitu ya Rondo, Litipo na Chitoa, nyuma ya mji wa Lindi, yupo komba mdogo mno, uzito wake yapata gramu 60, ambaye wataalamu walimtenga na wenzake na kumpa jina la Rondo katika nusu ya pili ya miaka ya 1990. Misitu yake imekatwakatwa, na katika orodha ya 2006 hadi 2008 aliwekwa miongoni mwa nyani na jamaa zao 25 walio katika hatari kubwa kuliko wote duniani.

Namna alivyotambuliwa ndiyo inayostahili kumshughulisha mshairi. Komba wadogo wanafanana mno kwa manyoya na sura, na usiku mtu haoni ila macho yanayong'aa. Wanatofautishwa kwa sauti. Kila aina ina mlio wake, wenye idadi yake ya vipande na mpangilio wake wa kurudia, na mlio wa komba wa Rondo huenda kwa vipande viwiliviwili. Mtu anayetembea usiku katika msitu wa Litipo akitaka kumjua hana budi asimame, azime taa na ahesabu. Kazi hiyo ya kuhesabu vipande kwa sikio malenga wa pwani wanaifanya kabla hawajajua kusoma. Ni ajabu basi, na ni hasara, kwamba mnyama anayetambulika kwa mizani amepita mbele ya watu wa mizani bila ya kusikiwa.

Baharini mambo hayatofautiani sana. Nguva, ambaye wachache waliosalia nchini wako hasa katika maji ya baina ya Rufiji, Mafia na Kilwa, katika hadithi ni mwanamke. Mvuvi anayemkuta amenasa katika jarife humwona mnyama mla majani wa baharini, mzito, anayehitaji kuja juu kuvuta pumzi. Na yupo silikanti. Samaki huyu wataalamu walidhani alitoweka miaka milioni nyingi iliyopita, hadi alipopatikana Afrika ya Kusini mwaka 1938. Profesa J. L. B. Smith alipotaka wa pili alisambaza tangazo la zawadi kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Lugha ya wavuvi wa mwambao huu haikuwamo, na samaki alipopatikana Komoro mwaka 1952 ikadhihirika kwamba wavuvi wa huko walikuwa na jina lake zamani, gombessa. Septemba 2003 silikanti alivuliwa Songo Mnara, wa kwanza kuthibitishwa Tanzania. Waliofuata wengi wakapatikana Tanga, na huko ikatengwa hifadhi ya bahari mwaka 2009 yenye jina lake. Kilwa ikabaki na heshima ya kuwa wa mwanzo, bila ya ubeti.

Atatokea mtu aseme kwamba ushairi ukianza kuandika mahali, saa na upepo utakuwa ripoti ya bwana nyama. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama Kiswahili kisingekuwa na tenzi. Mji wa Lindi wenyewe ulimtoa Abdul Karim bin Jamaliddini, aliyeyaweka Maji Maji ya 1905 hadi 1907 katika utenzi, na thamani ya kazi yake ni kwamba imetungwa na mtu wa mahali hapo, aliyeishi wakati huo. Hakuna aliyedai kwamba utenzi huo ungependeza zaidi kama vita vingekuwa fumbo la mapenzi. Vilevile kurasa za mashairi za *Mambo Leo*, lililoanza mwaka 1923, ziliwazoeza watunzi wa mbali kuulizana na kujibizana, huyu Tanga, yule Lindi. Chombo cha kupeana habari kipo tayari, na kina abiria waliozoea. Kilichokosekana ni mtunzi wa kusema ameona kitu fulani, na wa kumjibu kwamba kwake hakionekani tena.

Wala si kweli kwamba kanuni zinazuia. Simba, mamba na komba wote wanaishia kwa kina kimoja, pamoja na shamba, mwamba, kuimba na kuomba. Ni vigumu kufikiri ukarimu mkubwa zaidi wa lugha kwa mtunzi. Silikanti ana mizani nne, nusu kamili ya kipande cha shairi la mizani nane. Kina chake ndicho kigumu. Anayeshika sheria kwa ukali atatafuta *-nti* na hatapata mengi zaidi ya senti, ambayo huenda yakafaa, maana bei ndiyo kitu cha kwanza kinachoulizwa pwani samaki mgeni akipandishwa. Anayelegeza sheria kidogo atamfunga na bahati na wakati.