Heko kwa Wachunguzi wa Saruji ya Meno

Mwaka 1972, huko London, Alan Wilson na Brian Kent walitangaza saruji mpya ya meno: unga wa kioo uliochanganywa na asidi. Hongera kwao! Saruji hiyo hushikana na jino lenyewe, tena huachia floridi taratibu.

Katikati ya miaka ya 1980, nchini Tanzania, Jo Frencken na wenzake walianza kuziba meno kwa vifaa vya mkono tu, bila mashine wala umeme. Baadaye saruji ya kioo ikawa tegemeo kuu la njia hiyo.

Mtazame tabibu anavyoikoroga: ikiwa bado inang'aa, huijaza jinoni upesi, ikififia, huitupa na kukoroga nyingine. Utaalamu huo umetokana na watu wa maabara, ambao mgonjwa hawajui, ingawa ndio waliomwepusha na koleo.