Hodi ya Nne

Dada yangu hupiga picha za harusi mjini Tanga. Picha zote huziweka kwenye kompyuta kubwa ya chumba cha nyuma, iliyounganishwa na ruta kwa waya, kisha huzichagua na kuzisafisha akiwa sebuleni, kwa laptopu inayotumia waifai. Folda ilikuwa ikifunguka kutoka sebuleni bila mtu kunyanyuka. Alipobadilisha ruta, kuanzia jioni ile laptopu haikuweza tena kuifikia kompyuta ya nyuma. Wiki nzima dada akawa mtu wa flashi mkononi, chumbani na sebuleni, sebuleni na chumbani.

Fundi wa kwanza alishauri mambo mawili: kuzima faiwoli, ule ukuta wa kinga wa kompyuta, na kuirudisha itifaki ya zamani ya kushirikiana mafaili, SMB toleo la kwanza. Dada akasita, nami nashukuru alisita. Mwezi Mei 2017 kirusi kiitwacho WannaCry kilipita kwenye ufa wa toleo hilohilo, kikaenea zaidi ya nchi 150, hata hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu. Windows za siku hizi huja bila toleo hilo.

Fundi wa pili alikuwa mwanamke mtaratibu, na ni kazi yake iliyonifanya niandike haya. Kwa muda mrefu hakugusa kitu. Aliuliza tu: mara ya mwisho ilifunguka lini, na tangu hapo kimebadilika nini? Kisha akatazama anwani za mashine zote mbili na kuziandika kwa penseli. Laptopu ilikuwa 192.168.1.12, kompyuta ya nyuma 192.168.1.7. Aliridhika, kwa sababu mashine isiyopewa anwani na ruta hujipachika yenyewe namba inayoanza na 169.254, na hapo ingebidi kuanza na waya.

Sasa akapiga hodi. Kuna amri iitwayo ping, iliyoandikwa na Mmarekani Mike Muuss mwezi Desemba 1983, akaipa jina la ule mlio ambao manowari hutuma majini na kusikiliza ukirudi. Kwetu mgeni hubisha hodi mara tatu, asipojibiwa huondoka. Ping ya Windows hubisha mara nne. Tulizitazama zote nne zikipita kwenye skrini, moja baada ya nyingine, na hakuna iliyoitikiwa.

Mimi ningesema palepale kwamba waya umekatika, na ningekwenda dukani kununua mwingine. Fundi hakuondoka mlangoni. Aliandika amri nyingine fupi, arp -a, ikatokea orodha ya majirani ambao laptopu imekutana nao. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja: 192.168.1.7, na mbele yake tarakimu na herufi kumi na mbili, jozi kwa jozi, ambazo ndizo anwani ya chuma chenyewe cha ile kompyuta.

"Mwenyewe yumo ndani, dada," alisema. "Anasikia. Amekatazwa kuitika."

Nilimwomba anieleze, akaeleza bila haraka. Kabla laptopu haijatuma hodi, hulazimika kwanza kupaza sauti mtandaoni: nani mwenye namba hii? Jibu la swali hilo hutoka chini kabisa, mahali ambapo faiwoli haifiki. Kompyuta ya nyuma ilikuwa imelijibu. Kwa mstari ule mmoja akawa ameondoa mashaka juu ya waya, juu ya waifai, na juu ya ruta, maana ruta nyingine huwatenga wateja wa waifai wasionane na wenzao. Kilichobaki ni faiwoli ya kompyuta moja. Sijui kama naweza kueleza nilivyofurahia hatua ile. Hakuwa amebadilisha chochote ndani ya nyumba, na tayari tatizo lilikuwa limebanwa kwenye kona ndogo kama kuku wa kuchinjwa.

Akaenda chumba cha nyuma. Windows inapokutana na mtandao mpya hutaka kujua ni wa nyumbani au wa hadharani. Ruta mpya ilikuwa mtandao mpya, nayo kompyuta ikauhesabu wa hadharani, ikajifungia kana kwamba imewekwa mezani mgahawani. Fundi akaubadilisha kuwa wa nyumbani, akahakikisha ruhusa ya kushirikiana mafaili imewashwa, basi. Faiwoli akaiacha imesimama. Akarudi sebuleni, akabisha tena. Hodi nne, majibu manne.

Akafungua folda kwa namba ya anwani. Jina la kompyuta hakulitumia, kwa sababu jina nalo linaweza kuwa na ugonjwa wake, na hakutaka kutibu wawili kwa sindano moja. Kikatokea kisanduku cha kuomba jina na nywila. Dada akaandika, ikakataa. Akaandika tena, ikakataa. Dada akavunjika moyo, fundi akatabasamu.

Asubuhi ujumbe wa kosa ulikuwa na namba ndefu, 0x80070035. Alitufundisha kusoma mkia wake: 35 ya hesabu ya kumi na sita ni 53 ya hesabu yetu ya kawaida, na 53 kwa Windows maana yake njia haikupatikana. Sasa ilisema nywila si sahihi. Mashine isiyofikiwa haiwezi kukuambia kwamba umekosea nywila. Tulikuwa tumeshafika mlangoni, tukiongea na mwenye nyumba.

"Kila siku unaiwasha kwa namba gani?" aliuliza.

Dada alitaja, namba nne. Hiyo ni PIN, fundi akasema, na PIN hutambulika kwenye mashine ileile ilimowekwa tu. Mtandaoni haina kazi. Akafungua akaunti mpya kwenye kompyuta ya nyuma, akaipa nywila ndefu, na akairuhusu kufika kwenye folda ya picha tu. Ruhusa aliiweka mara mbili, kwenye ushirikishaji wa mtandao na kwenye folda yenyewe, kwa sababu kati ya hizo mbili ile kali zaidi ndiyo inayoshika.

Itifaki hii ya kushirikiana mafaili, SMB, ilianzia IBM miaka ya 1980, kwa Barry Feigenbaum. Miaka kama kumi baadaye Andrew Tridgell, kule Australia, alitaka kompyuta za aina nyingine nazo ziiongee. Alisikiliza pakiti zikipita kwenye waya hadi akaelewa zinachosemezana, na kutoka hapo ikazaliwa programu ya Samba. Jina alilipata kwa kuiagiza kompyuta imtafutie neno lenye herufi s, m na b kwa mfuatano huo. Nilimkumbuka nikimtazama fundi huyu, jinsi alivyosubiri kila jibu likamilike kabla ya kuuliza swali lingine.

Picha zilifunguka, lakini yeye hakusimama. Akaingia kwenye ruta, akaifungia kompyuta ya nyuma ile 7 isije ikapewa namba nyingine kesho. Akazima vyote vitatu, akasubiri, akawasha. Kisha akaunda faili tupu kutoka kwenye laptopu, akaliita jaribio, akamtuma dada chumbani.

"Limo!" dada akaita.

"Lifute."

Tukakaa kimya tukitazama skrini ya sebuleni. Jaribio likatoweka.