Hukumu ya Macho

Kila mtu hujidai kuwa hakimu wa mwili wa mwenziwe. Ushahidi anao machoni, kesi haichukui muda, na hukumu hutolewa njiani, sokoni au mlangoni mwa kanisa, mshtakiwa akiwa amesimama bila mtetezi. Katika mambo yanayoamuliwa kwa wepesi namna hii, hapana linaloonewa zaidi kuliko mwili uliopungua. Insha hii yakusudia kuipima hukumu hiyo: ina haki gani, ina kosa gani, na yaweza kusahihishwa kwa njia gani.

Tuitazame kama itolewavyo katika milima ya Kisii na Nyamira. Nchi ile ina rutuba. Chai, ndizi, mahindi na wimbi hustawi katika miteremko yake, na mvua haikawii kurudi. Mahali penye neema ya ardhi mgeni hakaribishwi kwa maneno matupu. Huandaliwa ugali wa wimbi, mboga ya chinsaga na ndizi, na kula kwake ndiyo shukrani inayotazamiwa. Basi mwili mkubwa huko, kama kwingi katika Afrika ya Mashariki, umesomwa kwa muda mrefu kuwa cheti cha amani ya nyumba: shamba linazaa, chungu kinachemka, na moyo umetulia. Mwili ukipungua, cheti huhesabiwa kuwa kimechanika. Watu huuliza kwa sauti ya chini kama kuna maradhi, kama kuna madeni, kama ndoa imeingia mdudu. Mwenye mwili aweza kuwa ametii tu shauri la daktari wake, lakini hakuna aliyemwuliza.

Haifai kuwacheka wanaohukumu hivyo. Macho yao yalifundishwa, na mwalimu wao alikuwa mkali. Tangu zamani njaa na maradhi huonekana mashavuni kabla ya kutajwa kwa ulimi. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika wilaya ya Rakai nchini Uganda, upande wa pili wa Ziwa Viktoria, watu walianza kufa kwa ugonjwa uliowakausha miili. Waliuita Slim, neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba. Mwaka 1985 madaktari waliueleza katika jarida la Lancet la Uingereza, wakiuhusisha na virusi vya UKIMWI. Kenya ilikuwa imekwisha kumtambua mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1984, na mwezi wa Novemba 1999 Rais Daniel arap Moi alitangaza maradhi hayo kuwa janga la taifa. Kwa miaka mingi, kabla dawa hazijawafikia watu wa kawaida, aliyeonekana amekonda msimu huu aghalabu alizikwa msimu uliofuata. Aliyekwisha kuwazika jirani zake kwa namna hiyo hawezi kulaumiwa kwa kushtuka aonapo shavu limebonyea. Hofu yake ni kumbukumbu.

Lakini kumbukumbu peke yake haitoshi kuwa ushahidi. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilipoenea katika miaka iliyofuata mwaka 2003, wagonjwa waliozitumia walirudiwa na miili yao, na baadhi yao walinenepa kupita walivyokuwa kwanza. Leo mtu mnene aweza kuwa na virusi, na mwembamba akawa hana. Alama imeachana na kitu ilichokuwa ikikionyesha, ila macho yanaendelea kuisoma kwa kamusi ya zamani.

Kosa hili ni la kale, nalo limo katika tamthilia ambayo wanafunzi wengi wa Afrika ya Mashariki wameisoma kwa Kiswahili. Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare, ikachapishwa mwaka 1963. Tafsiri aliyoisahihisha ikatoka mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Ndani yake Kaizari anamtilia shaka Cassius kwa sababu ya ukondefu wake, na anatamani watu wanene ndio wawe karibu naye. Wasomaji wengi huisifu busara hiyo, kwa kuwa Cassius kweli anakula njama. Msomaji mwangalifu hana budi kusita. Kaizari alimpata mtu, lakini njia aliyompatia ilikuwa mbovu. Kama ukondefu ungekuwa kipimo cha hiana, mwili wa Brutus nao ungepaswa kumwonya, nao haukumwonya. Hata hivyo pigo la Brutus ndilo lililouvunja moyo wake. Hukumu iliyosibu kwa bahati ina hatari kuliko iliyokosea waziwazi, maana humfanya hakimu aiamini. Ndivyo ilivyo vijijini. Aliyekisia mara moja kuwa mwembamba fulani ni mgonjwa, na ikawa kweli, atakisia maisha yake yote, na makosa yake hatayahesabu.

Hata katika mashairi ya mapenzi ya Kiswahili, kukonda ni alama iliyozoeleka ya huba na majonzi. Msomaji wa shairi hakosei kuisoma hivyo, kwa sababu mshairi ameiweka pale ili isomwe. Mwili wa jirani haukutungwa na mshairi. Una sababu zake, na njia ya kuzijua ni kumsikiliza mwenyewe.

Tuache vitabu, tuutazame mwili wenyewe. Huko Tabaka, Kisii, wachongaji wa mawe laini hulipunguza jiwe mpaka umbo litokee. Kinachobanduka huwa vumbi, na jiwe halidai kurudishiwa kitu. Wengi hudhani kuwa mwili nao hupunguzwa hivyo. Mwili hudai. Mafuta yaliyo chini ya ngozi ni mfano wa blanketi. Aliyeyapoteza huhisi baridi asiyoizoea, na katika vilima vya Nyamira mwezi wa Julai baridi hiyo haina mzaha. Nywele zaweza kupukutika miezi miwili au mitatu baada ya uzito kupungua kwa haraka, kisha huota tena. Ngozi iliyotanuka kwa miaka mingi hulegea. Pete huteleza kidoleni na viatu hupwaya. Anayepungua mbio mbio aweza kupata vijiwe katika mfuko wa nyongo. Dawa za shinikizo la damu au za kisukari zilizopimwa kwa mwili wa kwanza zaweza kuwa nyingi mno kwa mwili wa pili, hata mtu akashikwa na kizunguzungu. Hapo daktari ndiye wa kuzipima upya, wala mgonjwa asiziache kwa shauri lake mwenyewe.

Faida nazo zipo, na baadhi yake hazikutazamiwa. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2005, juu ya wazee wenye maradhi ya magoti, ulionyesha kuwa kila kilo 1 iliyopungua mwilini iliondoa mzigo wa kilo 4 juu ya goti kwa kila hatua. Mchuma chai wa Kebirigo anayepanda mteremko na kikapu mgongoni hahitaji kufafanuliwa maana ya hesabu hiyo.

Mgeni mgumu kuliko wote ni njaa. Kati ya miaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mtaalamu Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 waliojitolea, kwa muda wa miezi sita, mpaka wakapoteza kiasi cha robo ya uzito wao. Vijana waliokuwa wachangamfu wakawa wazito wa moyo na wepesi wa hasira. Walitetemeka kwa baridi, na mawazo yao yote yakahamia kwenye chakula. Hao walipunguzwa kupita kiasi. Anayepungua kwa utaratibu hapati mateso hayo. Lakini hata yeye hufuatwa. Mwaka 2011 wataalamu wa Australia walieleza kwamba, mwaka mzima baada ya watu kupungua, vichocheo vya mwili vinavyoamsha njaa vilikuwa bado havijarudi katika hali yake ya kwanza. Wahenga walisema, kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Kupungua ni kupanda. Kubaki ulivyopungua ndiko kushuka, na miiba iko huko. Basi aliyepungua kisha akanenepa tena asihesabiwe kuwa mlafi au mvivu kabla haijajulikana alikuwa akipambana na nini.

Moyo nao hubadilika kwa namna isiyotarajiwa. Mtu aweza kutazamia kuwa siku atakapofikia uzito alioutaka huzuni zake zote zitamwaga, akafika akazikuta zimeketi zikimngojea, maana hazikuwa zimeletwa na unene. Mwingine hujitazama katika kioo akaendelea kumwona yule wa zamani, akaomba nguo kubwa dukani kwa mazoea. Mwingine husifiwa na watu ambao jana hawakumwamkia, naye badala ya kufurahi akatonesheka, kwa kuwa sifa ya leo imemfunulia dharau ya jana. Haya hayaonekani kwa macho. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Juu ya mizigo hiyo yote huongezwa ulimi wa jamii, nao hukosea kwa njia mbili zinazopingana. Kosa la kwanza ni kumsikitikia anayepona. Uchunguzi wa taifa uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulikuta kwamba watu wazima kiasi cha 27 katika kila 100 walikuwa na uzito uliozidi kipimo, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Huko Uingereza, jaribio lililochapishwa mwaka 2017 lilionyesha kuwa karibu nusu ya wenye kisukari cha ukubwani waliopewa utaratibu wa kupunguza uzito walikuwa, baada ya mwaka mmoja, wameondokewa na dalili za kisukari katika damu bila dawa. Hivyo shauri la kupungua laweza kuwa tiba. Lakini mama aliyeanza kupona akikutana kila siku na nyuso za matanga, akaulizwa anaficha nini, na mumewe akasemwa kuwa hamlishi, ataona kuwa njia nyepesi ya kuilinda heshima ya nyumba yake ni kuurudisha unene. Atakula ili watu wanyamaze. Watanyamaza, na kisukari kitarudi.

Kosa la pili ni kumpongeza anayeugua. Mijini, na sasa hata vijijini, wembamba umeanza kupata sifa ya uzuri, hasa kwa wasichana. Kijana anayekojoa sana, anayeona kiu isiyokatika na anayepungua bila kujinyima chakula, huenda ana kisukari. Anayekohoa na kutokwa jasho usiku, huenda ana kifua kikuu. Wote wawili waweza kupokea pongezi hadi siku watakapoanguka. Waganga huhesabu kuwa mtu aliyepoteza sehemu 5 katika kila 100 za uzito wake kwa muda wa miezi 6 hadi 12, bila kukusudia, yapasa achunguzwe. Kwa mtu wa kilo 80, hizo ni kilo 4 tu. Neno lenye uzito katika kanuni hiyo ni kukusudia, na kusudi haliandikwi shavuni. Hapo ndipo hukumu ya macho inapovunjika kabisa: mwili wa anayepona na mwili wa anayeugua waweza kufanana kama mapacha.

Dawa ya upungufu huu ipo karibu, ndani ya lugha yetu. Kiswahili hakikutupa neno moja tu. Kukonda kuna harufu ya dhiki. Kupungua kunataja kipimo bila kutaja sababu. Wembamba ni umbo, ambalo mtu aweza kuzaliwa nalo. Kudhoofika ni kuishiwa nguvu, na mtu mnene pia aweza kudhoofika. Tena kuna kunawiri, neno tunalolitumia kwa mmea na kwa uso, nalo halitaji unene hata kidogo. Lataja mng'ao wa afya. Lugha imeyatenga mambo haya kwa uangalifu, nasi tunayachanganya kwa haraka. Anayemwambia mwenziwe "umekonda" amekwisha kuamua kwamba kuna dhiki kabla ya kuuliza.

Wala fundisho la insha hii lisiwe kwamba tufumbe macho. Jirani asiyeona kuwa mwenziwe amebadilika ni jirani wa bure, na mila ya Abagusii ya kujuliana hali ni hazina ambayo watu wa miji mikubwa wameipoteza kwa hasara yao. Kuona ni wajibu. Kinachotakiwa ni kwamba macho yaishie pale uwezo wao unapoishia, kisha sikio lipokee kazi. Swali liulizwe faraghani, wala lisiulizwe mbele ya watu. Liulizwe kwa nia ya kusaidia, wala lisiulizwe ili kupata habari ya kupeleka sokoni. "U hali gani siku hizi?" lamwachia mtu mlango wa kuingia na wa kutokea. Akisema ametii shauri la daktari, apewe moyo, na katika karamu asilazimishwe kuongeza sahani kana kwamba kukataa ni matusi. Akisema hajui kwa nini anapungua, asindikizwe hospitali siku hiyo hiyo, iwe Kisii mjini au Nyamira, wala asiachwe aende peke yake na hofu yake.

Msomaji kijana atakutana na miili mingi iliyobadilika kabla hajazeeka, na wake huenda ukawa mmojawapo. Ayaache macho yake yafanye kazi ya shahidi: waseme yaliyoyaona, kisha yaketi. Kiti cha hakimu hakikuwekwa kwa ajili yao.