Waya wa Waridi

Ukitaka kujua fundi wa mota za boti anaheshimu kazi yake kiasi gani, usimtazame akiwa ufukweni. Mtazame Katoyi akijaza pipa. Katoyi, mtaa wa Goma, tuko juu ya mawe meusi ya volkano, Ziwa Kivu liko chini huko, na maji tunayanunua kwa bidoni. Pipa la lita 200 linameza bidoni kumi za njano. Mota ya boti haiwashwi ikiwa kavu. Ndani ya mguu wake kuna kipande cha mpira chenye meno, ndicho kinachovuta maji ya kupoza injini, na mpira huo ukizunguka bila maji huungua mara moja. Kwa hiyo kila mota inayougua Katoyi hupelekewa ziwa, bidoni kwa bidoni, kabla haijaulizwa swali hata moja.

Siku ninayoikumbuka, mota ya nguvu za farasi 40 ililetwa juu ya chukudu, ule mkokoteni wetu wa mbao wa magurudumu mawili, imefungwa kwa kamba za mpira. Mwenyewe, mzee mwenye boti ya kupeleka watu na mizigo kisiwani Idjwi, alisema honi inalia kila akifika katikati ya maji. Mahali fulani ameshauriwa akate waya wa honi, safari ziendelee. Fundi alikuwa amechuchumaa, hakuinua hata kichwa.

“Hapana, papa. Ile njo mudomo yake. Ukiifunga, itakufia bila kusema.”

Nilikaa hapo hadi jioni. Tangu siku hiyo ninaamini kwamba kati ya ufundi wote unaofanyika kwenye vibanda vyetu vya mbao, huu wa kusikiliza onyo la mota hausifiwi inavyostahili. Kubadilisha kifaa ni kazi ya mikono. Kusikiliza onyo kunataka pia moyo usiokuwa na haraka, kwa sababu mwenye boti amesimama nyuma yako akihesabu fedha za abiria anaowapoteza.

Honi ni moja, magonjwa ni mengi. Kwenye mota nyingi za Yamaha zenye tangi lake la mafuta ya kulainisha, sauti ileile hulia mafuta yanapopungua na hulia joto linapozidi, na ni taa nyekundu ya mafuta inayokuambia ni lipi kati ya hayo mawili. Mota nayo hujipunguzia kasi yenyewe, na dereva asiyejua hudhani imekosa nguvu, akazidi kuifungulia mafuta. Hapa kwetu kishawishi hicho ni kikubwa zaidi. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mota iliyopimwa pwani hupoteza karibu sehemu moja ya saba ya nguvu zake. Maji yenyewe huchemka kwenye nyuzi 95 tu. Anayepakia boti ya Kivu kama anavyopakia mwenzake wa Mombasa ameshaanza kuiumiza mashine kabla ya kuondoka bandarini.

Fundi aliiwasha ndani ya pipa. Alitazama kwanza ule uzi wa maji unaoruka kando ya mota kuonyesha kwamba pampu inafanya kazi. Ulikuwa mwembamba, unakatikakatika. Akaweka kiganja kwenye kichwa cha silinda, akakiondoa upesi. Honi ikalia. Joto lilikuwa la kweli, onyo halikudanganya. Kwenye kichujio cha chini alichomoa kipande cha mfuko wa plastiki, mali ya kawaida ya ziwa letu. Taka hizohizo husafiri hadi Bukavu, zikaziba mitambo ya bwawa la Ruzizi na kutuzimia umeme.

Wengi wangeishia hapo. Yeye alifungua mguu, akatoa ule mpira wa pampu, akaanza kuhesabu meno kwa ncha ya bisibisi. Yanatakiwa kuwa sita. Yalikuwa manne.

“Mawili yako wapi?”

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike haya. Mpira mpya alikuwa nao, angeufunga kwa dakika chache na maji yangeruka vizuri. Lakini vipande viwili vya mpira vilikuwa vimepanda na maji kwenda mahali fulani ndani ya injini, na siku moja vingeziba njia katikati ya ziwa, usiku, boti ikiwa imejaa. Alivitafuta kwa zaidi ya saa mbili. Cha kwanza kilikuwa kwenye bomba la kupandisha maji. Cha pili kilijibana chini ya termostati, ule mlango mdogo unaojifungua kwa joto.

Kisha akaomba sufuria. Aliiweka kwenye mbabula, akaining'iniza termostati ndani yake kwa uzi, na pembeni akatumbukiza ncha ya kipima joto cha mota, kile kinachoamuru honi ilie, nyaya zake zikiwa kwenye multimetri. Makaa yalishika, maji yakapanda joto polepole, na sote tukanyamaza kama watu wanaongoja chai. Mlango ukafunguka. Baadaye sindano ya multimetri ikaruka. Mgonjwa alikuwa ameshapona. Sasa alikuwa anampima shahidi.

Mashine za kisasa zaidi zinataka akili hiyohiyo. Boti ndogo za kurusha maji, ambazo William Hamilton wa New Zealand alianza kuziunda miaka ya 1950 ili apite kwenye mito yenye maji haba na mawe mengi, hazina panga la nje; hufyonza maji kupitia tumboni na kuyasukuma nyuma. Zifikishe karibu na ufukwe wetu, zitafyonza mchanga wa volkano na plastiki pamoja na maji. Taa zao ni nyingi, lakini fundi ataanza palepale: maji yanaingia? Yanatoka? Mkono unasema nini?

Labda sisi wa Goma tunauelewa uzito wa onyo kuliko wengine. Upande wa Mugunga kuna mazuku, hewa nzito isiyo na rangi wala harufu, inayolala mabondeni na kuua mbuzi na watu bila kutoa sauti. Volkano ya Nyiragongo ilipopasuka Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, wengi walijulishwa na wekundu wa anga, si na tangazo. Na tarehe 3 Oktoba 2024 boti Merdi, iliyotoka Minova, ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, watu wakiangalia kutoka nchi kavu. Kilichoizamisha hakikuwa mota; boti ilikuwa imebeba kupita kiasi, wakati vita vilipokuwa vimefunga barabara na ziwa kubaki njia pekee kwa wengi. Lakini tangu siku ile sijasikia kelele yoyote juu ya maji nikabaki nimetulia.

Jua lilikuwa linateremka mota iliporudishwa pipani. Uzi wa maji uliruka mnene, ukagonga ukuta wa mbao, na watoto wakakimbilia kunawa miguu. Mzee alikuwa ameshatoa fedha. Fundi akamzuia kwa mkono. Alichomoa waya wa waridi wa kipima joto, akaugusisha kwenye chuma cha injini, na honi ikalia tena, kali, mtaa mzima ukageuka.

“Umesikia, papa?”

“Nimesikia.”

Akaurudisha waya mahali pake, akaufunga vizuri, akaenda kumwita kijana wa chukudu.